Diski ya mashini inapougua: tukloni au tuformate?



Miezi ya kumaliza TFC na memwari ikifika, swali linakuwa lile lile. Mashini imekuwa nzito. Kuwaka tu inachukua dakika kumi, Word inaganda, faili moja inakataa kufunguka, na mara nyingine unasikia "tik, tik" chini ya kiganja. Unaipeleka kwa teknisia. Anaiangalia kidogo, anasema: "Hii tuformate tu, itakuwa kama mpya." Pembeni kuna mwenzako wa promosheni aliyesoma kidogo kwenye intaneti, naye anasema: "Hapana, tukloni diski, kila kitu kitabaki vile kilivyo." Wewe unabaki katikati, na kazi yako yote iko mle ndani.

Si jambo dogo. Mwanafunzi aliyezunguka fukwe za Ziwa Albert kuuliza wavuvi maswali, au aliyepanda milima ya Mahagi na fomu zake mkononi, hawezi kurudi kuuliza tena. Watu wamehama, msimu umepita, na barabara ya Djugu kwenda Bunia si ya kupita kila unapotaka. Laptop unaweza kupata nyingine kwa pesa. Data za uwanjani hazina duka.

Kwa hiyo tuseme jambo la msingi mapema: ugomvi wa "kukloni au kuformata" unaanzia katikati ya safari. Swali la kwanza ni kuokoa faili zako. La pili ni kujua kama mgonjwa ni diski au ni Windows. Uchaguzi wa kukloni au kuweka upya unakuja wa tatu, na wakati huo jibu huwa karibu limejionyesha lenyewe.

Kila moja inafanya nini

Kukloni ni kunakili diski nzima kwenye diski nyingine: Windows, programu, mipangilio, neno la siri la Wi-Fi, picha, TFC, vyote. Unatoa diski ya zamani, unaweka mpya, unawasha, na mashini inakuwa ile ile uliyoizoea.

Kuformata na kuweka upya ni kinyume chake. Unafuta kila kitu, unaweka Windows safi kutoka kwenye flashi, kisha unarudisha programu moja moja na faili zako kutoka mahali ulipozihifadhi. Kama hukuzihifadhi, basi hakuna cha kurudisha.

Sasa angalia vizuri. Kuformata hakuponyi diski inayokufa. Sehemu mbovu za diski ni jeraha la mwili wake. Formati ya haraka inaandika upya orodha ya vilivyomo tu, kama kubadilisha jalada la kitabu ambacho kurasa zake zimeliwa na mchwa. Mashini itaonekana nyepesi wiki mbili, tatu, halafu itaanguka tena, safari hii bila zile faili ulizoziacha zifutwe.

Kukloni nako hakuponyi Windows mgonjwa. Kama virusi vimo, vitahamia diski mpya pamoja na wewe. Kama Windows imechanganyikiwa, kloni yake itachanganyikiwa vile vile, ila kwa mwendo wa kasi zaidi.

Kwanza jua nani mgonjwa

Diski karibu zote za miaka hii zinajiandikia ripoti ya afya inayoitwa SMART. Kuisoma hauhitaji kuwa injinia. Programu ya bure CrystalDiskInfo ni ya MB chache tu, inaingia kwenye flashi, na inaonyesha hali ya diski kwa rangi: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari.

Kama ni diski ya kuzunguka, usiishie kwenye rangi. Tafuta mistari minne:

05 ni idadi ya sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama na kuweka nyingine badala yake.
C5 ni sehemu ambazo diski inazishuku: imejaribu kuzisoma ikashindwa, bado haijaamua.
C6 ni sehemu ambazo imeshindwa kabisa kuzisoma.
C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na mashini. Hii ikipanda peke yake, mara nyingi shida ni kebo au kiungo, wala si diski.

Kwa tatu za kwanza unataka kuona sifuri. Mwaka 2007, watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Waliona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la kusoma wakati wa kujichunguza, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 zaidi ya ule wa diski isiyo na kosa. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye SMART. Maana yake: ripoti mbaya uiamini mara moja, ripoti nzuri usiilalie usingizi.

Kama mistari yote ni safi na mashini bado ni nzito, basi diski pengine haina kosa. Tafuta kwingine: virusi, programu nyingi zinazojiwasha zenyewe, memori ndogo, vumbi kwenye feni, au diski iliyojaa hadi shingoni.

Na tuseme kidogo juu ya virusi vya flashi, maana vinazunguka sana kati ya sekretaria za kuchapa na kufotokopi na mashini zetu. Ukiona folda zako zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato, usikimbilie kuiformata. Mara nyingi faili zipo, zimefichwa tu. Zitoe kwanza, zichunguze na antivirusi, ndipo usafishe flashi.

Kwa nini diski zetu zinachoka

Diski ya kuzunguka ina sahani ndani yake. Kwenye laptop nyingi zinazunguka mara 5400 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hiyo pigo dogo kwenye moto, kwenye mashimo ya barabara, wakati sahani bado zinazunguka, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Kufunga kifuniko tu si kuzima. Diski inaweza kuwa bado haijasimama, au mashini ikaamka yenyewe ndani ya begi. Kabla ya kupanda moto au mtumbwi, zima kabisa.

SSD haina sahani wala kichwa, haiogopi mashimo. Lakini ina tabia yake: inaweza kufa kimya. Leo inafanya kazi, kesho mashini haiioni kabisa. Nyingine zinajifunga, unaweza kusoma ila huwezi kuandika. Usingojee "tik, tik" kwenye SSD, haitakuja.

Halafu kuna umeme. Wengi tunaishi kwa sola na jenereta, na laptop nyingi bateri zake zimeshakufa, zinaishi kwa chaja tu. Jenereta ikizimika ghafla, ni kama mtu amekatwa neno mdomoni. Kama diski ilikuwa inaandika, faili ile inaweza kubaki nusu. Bateri inayoshika hata dakika kumi na tano ni ulinzi mkubwa kuliko antivirusi ya kulipia.

Okoa kwanza

Diski inayokufa ni kama tochi ambayo mawe yake yanaisha. Bado kuna mwanga, lakini hujui wa dakika ngapi. Huwezi kuutumia kuzungukia kiwanja chote. Unamulika kwanza kile unachokitafuta.

Kwa hiyo, ukiona dalili, acha kufanya kazi kwenye mashini hiyo. Usiweke programu mpya. Usipange diski upya. Na usikubali mtu aendeshe chkdsk na ile alama ya /r juu ya diski mgonjwa. Amri hiyo inaisoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuandika juu yake. Kwa diski nzima ni dawa. Kwa diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa mlimani.

Kisha toa vile vidogo visivyo na mbadala: faili ya TFC, data za uchunguzi, rekodi za mahojiano, skani za diploma na za kitambulisho. TFC nzima kwenye Word mara nyingi haifiki hata MB 10. Inaingia kwenye barua pepe, maana Gmail inakubali viambatisho hadi MB 25, na Google Drive inatoa GB 15 bure. Weka na nakala kwenye flashi. Kisha fungua nakala hizo kwenye mashini nyingine, usome ukurasa wa mwisho, usiridhike na jina la faili tu.

Watu wengi wanakumbuka folda ya Documents na kusahau vingine. Angalia Desktop na Downloads. Angalia nakala za dharura za Word, zile zenye mwisho wa .asd. Kama unatumia Zotero, chukua folda yake nzima, maana ndiyo yenye marejeo yako yote. Kumbuka maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 mapema, kwenye akaunti yako ya Microsoft au kwenye karatasi ulipouchapa. Bila ufunguo huo, hata diski ikisomeka vizuri, faili hazitafunguka.

Kama Windows yenyewe haiwaki, usikate tamaa. Washa mashini kwa flashi ya Ubuntu au SystemRescue. Hizi ni Linux zinazofanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mara nyingi folda zako utaziona na kuzinakili kawaida.

Lakini kama diski inagonga, "tak, tak, tak", au mashini haiioni kabisa, zima. Kila dakika inayowaka inaongeza mikwaruzo. Usiifungue nyumbani, chembe moja ya vumbi inatosha kuimaliza. Usiiweke kwenye frigo pia. Dawa hiyo inasimuliwa sana, lakini unyevu unaoganda ndani unaleta ubaya mwingine. Diski ya namna hiyo inahitaji maabara ya kuokoa data, na gharama yake ni kubwa. Hapo ndipo unajiuliza kama yaliyomo yana thamani hiyo, au kama kuna nakala kwa direkta wako wa kazi au kwenye barua pepe ya zamani.

Kukloni diski mgonjwa

Programu za kawaida za kukloni zimetengenezwa kwa diski nzima. Zikikutana na sehemu mbovu, nyingine zinasimama, nyingine zinaganda pale pale, zikijaribu kusoma sehemu ile ile mara mia huku diski inazidi kufa. Hata Clonezilla, ambayo ni nzuri na ya bure, inahitaji uiwekee chaguo maalumu la uokoaji ili iruke sehemu mbovu.

Kwa mgonjwa mahututi, chombo chake ni GNU ddrescue cha Antonio Díaz Díaz, kilichoanza kutolewa mwaka 2004. Kimo ndani ya SystemRescue, na kwenye Ubuntu kinapatikana kwa jina la gddrescue. Ujanja wake ni huu: kwanza kinachukua haraka yote yanayosomeka kwa urahisi, kikikuta pagumu kinaruka na kusonga mbele. Kikishamaliza maeneo mepesi ndipo kinarudi kwenye magumu, kidogo kidogo. Kama mtu anayeokoa vitu kwenye nyumba inayoungua: anatoa vilivyo karibu na mlango kwanza.

Na kuna jambo moja linalokifanya kitufae sisi hasa. Ddrescue kinaandika ramani, faili ndogo inayosema wapi kimesoma na wapi bado. Jenereta ikizimika, au sola ikiisha nguvu usiku, kesho unaendesha amri ile ile na kinaendelea pale kilipoishia. Sharti ni moja: ramani iwekwe kwenye flashi au diski nyingine. Ukiiacha kwenye Linux inayotembea kutoka kwenye flashi ya kuwashia, kwa kawaida inakaa kwenye memori tu, na umeme ukikatika inapotea.

Amri ya mzunguko wa kwanza ni fupi. Hapa nafsi mbili za diski ni mfano tu, na njia ya ramani ni ile flashi yako:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map

Inayotangulia ni diski mgonjwa, inayofuata ni diski mpya. Ukizigeuza, utaandika utupu juu ya TFC yako. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, endesha lsblk uone majina na ukubwa, na umwombe mtu wa pili asome amri kwa sauti. Hata mafundi wazoefu wanafanya hivyo.

Mzunguko wa pili, wa kurudi kwenye magumu, unaondoa -n na kuongeza -d -r3, yaani ijaribu mara tatu tu.

Itachukua muda gani? Diski ya GB 500 iliyo nzima, ikisoma MB 100 kwa sekunde, inamalizika kwa saa moja na nusu hivi. Kupitia USB 2.0 ya zamani, inayotoa kama MB 35 kwa sekunde, hesabu saa nne. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku. Panga umeme kabla ya kuanza.

Mtego mwingine uko dukani. Diski mpya lazima iwe sawa na ya zamani au kubwa kuliko hiyo. SSD nyingi zinauzwa kama GB 480, na diski ya zamani ni ya GB 500. Kwa macho ni karibu sawa, kwa kloni ni pungufu. Utaambiwa upunguze kwanza nafasi kwenye diski ya zamani, yaani kuandika na kuhamisha vitu juu ya diski inayokufa. Usifanye. Nunua kubwa zaidi, au okoa kwenye diski ya nje iliyo kubwa.

Kloni ikimalizika, toa diski ya zamani. Zisiwe zote mbili kwenye Windows kwa pamoja, maana zina alama ile ile na Windows itaifunga mojawapo. Ukarabati wowote, hata ile chkdsk, sasa ufanyike juu ya kloni. Ya zamani iandike tarehe, iweke kando, usiitupe hadi umetetea kazi yako.

Basi, lini kukloni, lini kuweka upya?

Hali ya kwanza: diski ni nzima, Windows ndiyo imechoka au ina virusi. Hifadhi faili, weka Windows upya. Kukloni hapa ni kubeba taka kwenda nyumba mpya.

Hali ya pili: diski imeanza kuonya, lakini kila kitu bado kinasomeka, na Windows ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kloni mapema kwenye diski mpya na uendelee nayo. Washauri wengi wa Ulaya na Marekani watakuambia kuweka upya ni safi zaidi. Kweli, lakini wao intaneti yao haihesabiwi kwa mega. Faili ya kuweka Windows peke yake inapita GB 5, kisha kuna masasisho, kisha programu zako. Kwa mtu wa Mahagi-Port, kloni ya Windows nzima inaokoa pesa nyingi na siku kadhaa za kungoja.

Hali ya tatu: diski ina sehemu zisizosomeka. Hapa watu wanakosea wanapochagua kimoja tu, kwa sababu unahitaji vyote viwili, kwa mpangilio. Kloni kwa ddrescue ili kuokoa. Toa faili zako kutoka kwenye kloni, uzifungue moja moja, uziweke mahali pengine. Kisha weka Windows safi kwenye diski mpya. Sababu ni kwamba kloni ya diski yenye mashimo nayo ina mashimo. Kipande kimoja kikikosekana katikati ya faili za Windows, mashini inaweza kuwaka leo na kukuangusha wiki ile ya kutetea.

Hali ya nne: diski inagonga au haionekani. Usikloni, usiformate. Zima, kama tulivyosema.

Kuhusu leseni, wengi wanaogopa bure. Laptop zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda mbele, nyingi zina ufunguo ndani ya ubao mkuu wenyewe. Ukiweka toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajitambua ikipata intaneti. Hauhitaji zile programu za kuvunja leseni zinazopita kwenye flashi, ambazo mara nyingi zinabeba virusi. Jua pia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashini yako ni ya zamani na Windows 11 inaikataa, kuweka upya ni nafasi ya kujaribu Linux Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice. Kwa kuandika, kusoma PDF na kuingia mtandaoni, inatosha, na mashini ya miaka kumi inapumua tena.

Sokoni na kwa teknisia

Iwe unanunua Bunia, au unavuka kwenda upande wa Uganda, Nebbi au Arua, fungua kwanza mashini ujue inakula diski gani. Nyingi za zamani zinatumia SATA ya inchi 2.5. Mpya zaidi zinatumia M.2, kijiti chembamba kama kipande cha bigijii, na hiyo M.2 yenyewe ina aina mbili, SATA na NVMe, ambazo hazibadilishani kila mara. Piga picha ya diski ya zamani na lebo yake, uende nayo. Nunua pia adapta ya USB ya kuunganisha diski nje. Bila hiyo huwezi kukloni kwenye laptop yenye nafasi moja.

Ukinunua flashi au diski ya bei ya ajabu, ijaribu kabla ya kuiamini. Ziko nyingi zilizoandikwa TB 1 wakati ndani ni GB 32, zinapokea faili zako na kuzimeza. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, zinaijaza na kuisoma tena, ukweli unaonekana.

Na kabla ya kumwachia teknisia mashini, mwambie mambo matatu, kwa heshima lakini wazi. "Fundi, usiformate kitu chochote kabla sijathibitisha faili zangu kwenye mashini nyingine." "Nionyeshe ripoti ya SMART kabla ya kazi." "Diski ya zamani nirudishiwe mimi." Fundi mzuri hatakasirika. Anajua kwamba mteja aliyepoteza TFC hasahau mlango wa duka hilo, na kwamba diski yenye picha na hati za mtu si ya kuachwa mezani.

Nakala ziachane

Mwaka 1998, kule Pixar, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa inatengenezwa, na nakala za kampuni zilipofunguliwa zikakutwa hazifai. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Kampuni yenye mashini za mamilioni iliokolewa na nakala iliyokuwa mbali na nyingine.

Sisi hatuna mashini za mamilioni, lakini kanuni ile tunaiweza. Nakala moja kwenye mashini, ya pili kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa kaka Bunia au kwa rafiki Mahagi, ya tatu kwenye barua pepe. Flashi iliyo ndani ya begi moja na laptop haihesabiwi. Begi likianguka ziwani, vyote vinaenda pamoja.

Kwa aliye katikati ya kazi yake sasa hivi: kabla ya kulala leo, jitumie TFC kwa barua pepe, kisha uangalie namba za 05, C5 na C6. Ni kazi ya dakika kumi. Kama zote ni sifuri, endelea kuandika. Kama hata moja imepanda, sasa unajua uanzie wapi, na bado una muda.